Ibara ya 19 na Mwalimu wa Zamu

Uhuru wa dini katika nchi yetu umeandikwa vizuri. Nalitaja hilo mwanzo ili msomaji asidhani kwamba nimestaafu nikakosa kazi, nikaamua kutafuta ila katika kila kitu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ambayo ni sehemu ya hati ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984, haina maneno mengi. Kila mtu yu huru kuamini, kuchagua, na hata kubadili dini yake. Kutangaza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi. Uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Halafu yanafuata masharti: sheria yaweza kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, amani, maadili ya jamii na umoja wa taifa.

Mimi si mwanasheria. Nimeongoza shule, na nimefundisha walimu chuoni hapa Mtwara. Kwa hiyo naisoma ibara hii kama mwalimu asomavyo insha: nauliza nani anasema, anasema na nani, na maneno yake yatafika wapi. Nikiisoma hivyo, naona kwamba swali gumu limeachwa nje ya karatasi. Je, uhuru huu unakaa mikononi mwa nani kabla shauri halijafika kwa jaji? Jibu langu ni kwamba unakaa mikononi mwa watu wadogo: mtendaji wa kijiji, askari wa kituo, hakimu wa wilaya, na mwalimu wa zamu aliyesimama mbele ya mstari asubuhi.

Pwani yetu ya kusini iliona mapema jinsi mambo yanavyokuwa pasipo ibara yoyote. Mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya Majimaji kuanza, ilienea huko Lindi barua iliyosemekana kutoka Makka. Iliwahimiza Waislamu wamrudie Mungu na kuonya kwamba mwisho wa dunia u karibu. Barua za namna hiyo zilikuwa zikizunguka katika nchi nyingi za Kiislamu, na aghalabu mtu alizinakili kwa kutafuta thawabu. Lakini Wajerumani, ambao moshi wa Majimaji ulikuwa bado machoni mwao, waliona dalili ya maasi, wakakamata watu. Woga wa mtawala ulikuwa ndio sheria. Katika miaka hiyo bara ya hapa, kwenye misheni ya Kianglikana ya Masasi, kulikuwa na padre aliyeitwa Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi. Yeye aliona vijana wa Kikristo hawawezi kung'olewa katika jando, akaliingiza jando ndani ya Kanisa, na sala zake. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Alitazama watu waliokuwa mbele yake. Nimeweka mifano hii miwili pamoja kwa sababu hadi leo ofisa mdogo anapokutana na imani asiyoielewa, njia zake ni hizo mbili: kuogopa au kutazama.

Tuje sasa kwenye hukumu mbili ambazo, kwa maoni yangu, kila mwalimu angepaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ya Hamisi Rajabu Dibagula, mhubiri wa Kiislamu wa Morogoro. Alisema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alishitakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhusu anayetamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, na mahakama ya wilaya ikamfunga miezi 18. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ilimtoa gerezani, lakini hatia ikaiacha palepale. Waislamu wengi waliona kwamba imani yao yenyewe imetiwa hatiani, na mwezi Agosti mwaka huo Dar es Salaam ikashuhudia maandamano. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilifuta hatia hiyo. Hoja yake ni nzito: mwenye haki ya kutangaza dini yake ana haki ya kusema yale ambayo dini hiyo inafundisha, hata kama jirani hayapendi, na kosa haliwi kosa mpaka ithibitike kwamba msemaji alikusudia kuumiza.

Naikubali hukumu hii. Mkristo anapokiri Jumapili kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, naye anakanusha fundisho la jirani yake anayesali Ijumaa. Kama kukanusha ni kosa, basi sote tunaosali tungefaa kufungwa kwa zamu.

Lakini nina manung'uniko mawili. La kwanza ni kwamba kifungu chenyewe kimebaki. Maneno yake yanafanana mno na ya kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na watawala wa kikoloni waliotaka raia wa dini mbalimbali wakae kimya. Nia ya mtu haionekani kwa macho. Polisi anayefika kwenye mkutano wa mihadhara haoni nia, anaona waliokasirika. Kwa hiyo kadiri kundi linavyokasirika upesi, ndivyo msemaji anavyokuwa karibu zaidi na mahabusu. Sheria inayopima kosa kwa hasira ya msikilizaji inawafundisha watu kukasirika.

La pili ni la mwalimu wa lugha. Maneno yaliyoshitakiwa yalisemwa kwa Kiswahili, kwa watu wa Kiswahili, lakini hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mhubiri, polisi na wasikilizaji, wote waliohitaji kujua mpaka uko wapi, walibaki kusimuliwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua njema, ila haizitafsiri zenyewe hukumu za zamani.

Shauri la pili linanigusa zaidi kwa sababu lilianzia mstarini. Mwaka 2007 wanafunzi wa sekondari mkoani Mbeya, waumini wa Mashahidi wa Yehova, walikataa kuimba wimbo wa taifa. Walisimamishwa masomo, na baadhi yao wakafukuzwa. Wanafunzi 127 walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki yao.

Walimu wenzangu wengi hawaipendi hukumu hii, na hoja yao si ya kudharauliwa. Shule bila utaratibu ni soko. Taifa letu la makabila zaidi ya 120 limeshonwa kwa nyuzi chache, na wimbo ule ni mmoja wa nyuzi hizo. Mtoto akiruhusiwa kunyamaza leo, kesho atakataa nini? Nimeyasikia hayo katika vikao, na waliosema ni watu wenye kuipenda nchi.

Hata hivyo, tuutazame wimbo wenyewe. "Mungu Ibariki Afrika" ni sala. Chimbuko lake ni tenzi iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Afrika Kusini. Wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tunaiomba sala hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba serikali haina dini, wenye dini ni watu wake. Serikali isiyo na dini itamchapaje mtoto kwa kukataa kusali? Sala ya kulazimishwa haiongezi hata chembe ya uzalendo. Mahakama ya juu ya India iliamua shauri kama hili mwaka 1986, la watoto watatu wa Kerala, ikasema kwamba anayesimama kwa heshima bila kuimba hajaudharau wimbo. Huko Marekani Mahakama Kuu ilikataa kuwalazimisha watoto kuipigia saluti bendera mwaka 1943, katikati ya vita kuu, wakati ambapo kila serikali hutaka watu wake waseme neno moja. Kama wao waliweza wakati wa vita, sisi tuna amani.

Ila hapa pia nina la kusema. Aliyekuwa kidato cha pili mwaka 2007 alikuwa mtu mzima mwaka 2013. Haki ilimfikia, shule ilikwisha kumpita. Mahakama inaweza kufuta adhabu, haiwezi kumrudishia mtu ujana wake. Ndiyo maana nasema kwamba katika mambo haya mwalimu wa zamu ana nguvu kuliko jaji: jaji ana neno la mwisho, lakini mwalimu ana neno la kwanza, na kwa mtoto neno la kwanza ndilo linaloamua maisha.

Mambo haya si ya darasani tu kwetu sisi tunaokaa karibu na mdomo wa Ruvuma. Vita vilivyoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017 vilivuka mto mwezi Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kikavamiwa na watu wakauawa. Wauaji walitumia jina la dini. Ni wajibu wa serikali kulinda mpaka, na Katiba inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya usalama. Lakini neno "usalama" ni pana kama mto wenyewe wakati wa masika, na mwaka 1908 unatukumbusha kwamba woga husoma barua ya toba ukaona tangazo la vita. Kijana mwenye ndevu na kanzu fupi hajatenda kosa. Akitendwa kama mkosaji, atawatafuta wanaomwambia kwamba nchi hii si yake, na hao wapo tayari ng'ambo wanamsubiri.

Sina dawa kubwa. Napendekeza moja ndogo. Hukumu hizi mbili zitafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, kila moja kurasa tatu nne, zisomwe katika vyuo vya ualimu na vyuo vya polisi, na wanafunzi wabishane juu yake mpaka wachoke. Mwalimu mpya anayekwenda Msimbati, Kilambo au Newala hatabeba Katiba mfukoni. Atabeba kile alichozoea kufikiri. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mwalimu naye hukunjwa chuoni.