Mhuri Mkononi, Foleni Dirishani

Weka padi chini kidogo, mpe jirani zamu yako ya FIFA, usogee hapa. Nina gemu ya kukuonyesha. Haina gari, haina goli, haina mazombi, na tangu niifungue nimeunguza maharagwe na kupitwa na kituo changu ndani ya matatu. Inaitwa Papers, Please. Kazi yako humo ni moja tu: wewe ni karani wa mpakani. Unakaa kibandani, unaita mtu, anakusukumia karatasi zake dirishani, unazikagua, unagonga mhuri. Wa kijani, apite. Mwekundu, arudi alikotoka. Basi, ndiyo hiyo gemu nzima, na walai ni tamu kupita kiasi!

Si mpya, najua, wajuaji msinipigie kelele. Mmarekani Lucas Pope, aliyekuwa mfanyakazi wa Naughty Dog kabla ya kujitegemea na kuhamia Japani, aliitoa tarehe 8 Agosti 2013. Karibu kila kitu alikifanya mwenyewe: michoro, programu, hata muziki. Mwaka 2014 ikabeba tuzo ya BAFTA ya gemu za mikakati, na kufikia 2023 nakala milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. Lakini kwa miaka mingi makao yake yalikuwa kwenye kompyuta na iPad, vitu ambavyo wengi wetu tunaviona tu kwa wenyewe. Ni Agosti 2022 ndipo ilipoingia kwenye simu za kawaida za mfukoni. Kwangu imefika sasa hivi, na ninaandika kabla moto haujapoa.

Mambo yanatokea katika nchi ya kubuni, Arstotzka, kuanzia Novemba 1982. Vita vya miaka sita na jirani yao Kolechia vimeisha juzi juzi. Mji wa Grestin umekatwa vipande viwili, na jina lako limetoka kwenye bahati nasibu ya ajira ya serikali. Hongera! Ripoti kazini kesho, familia ihamie nyumba ya serikali. Mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, wote sasa wanakula kwa mhuri wako.

Siku ya kwanza ni mteremko. Raia wa Arstotzka wapite, wageni wote warudi. Unajiona fundi. Siku ya pili wageni wanaruhusiwa, na kuanzia hapo kila asubuhi wizara inakushushia amri mpya: leo tiketi ya kuingilia, kisha kitambulisho kwa wenyeji, baadaye kibali badala ya tiketi, kisha cheti cha kazi, kisha cheti cha chanjo. Meza ni kiganja tu, karatasi zinapandana, saa inakimbia, na nje foleni imejikunja kama haina mwisho.

Utamu wake uko hapo hapo. Mama mmoja anasimama mbele yangu. Pasipoti: haijaisha muda. Picha: ni yeye, ingawa kwa picha hizi za vidoti vidoti lazima uangalie kidevu mara mbili. Mji ilikotolewa: nafungua kitabu cha sheria, ukurasa wa nchi yake, mji umo. Kibali: jina sawa, mhuri sawa. Mkono umeshaelekea kwenye mhuri wa kijani, halafu jicho linanasa. Namba ya pasipoti iliyoandikwa kwenye kibali imetofautiana na ya pasipoti yenyewe kwa tarakimu moja. Moja! Unabonyeza kitufe chekundu, unagusa namba hii, unagusa ile, mstari unaziunganisha, na mama anaanza kujieleza. Nilipiga ukelele, abiria wa matatu wakageuka. Hakuna fumbo la gazetini lililowahi kunipa raha hiyo.

Kila mtu uliyemhudumia sawasawa anakuletea krediti 5. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo tu, la tatu linakukata krediti 5. Na onyo lenyewe linavyokuja! Unagonga mhuri kwa mbwembwe, mtu anaondoka zake, kisha kimashine kinaanza kutema karatasi, krr, krr, na tumbo linakushuka kabla hujaisoma. Sauti zote za gemu hii ni za ofisi: droo inayoteleza, pasipoti inayotupwa mezani, kipaza sauti kinachobweka "afuataye" kwa lugha isiyojulikana. Jioni unapewa hesabu. Kodi, chakula, joto maana kwao ni baridi kali, na dawa ikiwa kuna mgonjwa. Pesa haitoshi. Haitoshi kamwe! Kwa hiyo unachagua nani alale njaa, kesho unagonga mihuri haraka zaidi ili ufidie, na ukienda haraka unakosea.

Niliipeleka kwenye kibanda cha PS hapa Kisumu Ndogo. Ile ya Kibera. Unajua vibanda hivi: mabati, pazia zito mlangoni ili mwanga usiingie kwenye skrini, benchi moja ambalo limebeba watu wengi kuliko linavyoweza, na mwenye PS anayekusanya shilingi kabla padi haijagusa mkono wako. Nilidhani watanicheka. Dakika chache tu simu yangu imezungukwa na vichwa, skrini kubwa inacheza mpira peke yake.

Ikafika zamu ya mume na mke. Usijali, hii inakuja mapema, simwagi mtama. Mume anapita, karatasi zake ziko sawa, na anakuomba umhurumie mke wake anayemfuata. Mke anafika. Hana kibali. Anasema akirudishwa kwao Antegria atauawa. Sheria iko wazi, na maonyo yote mawili ya siku hiyo tulikuwa tumeshayala.

Mama anayeuza omena mkabala na kibanda alikuwa ameingia kutafuta chenji. Akaulizia kinachoendelea, akaelezwa.

"Si mumwache mama wa watu amfuate mumewe?"

"Mathe, tutapigwa faini."

"Faini ya pesa ngapi?"

"Tano."

"Nitalipa mimi!"

Na mkono ukaingia kwenye leso kweli. Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Lakini hebu sikia nani alikataa katakata: kijana ambaye amekuwa akizunguka na karatasi ya kusubiria kitambulisho, ile tunayoiita weitingi, mpaka mikunjo yake imeshikwa na seloteipu. "Karatasi ni karatasi," akasema. "Mimi nilipokosa barua ya chifu nani alinihurumia?" Akaninyang'anya simu, akagonga mwekundu. Mama akatuita makarani wa shetani, akaondoka na chenji yake. Baadaye tulirudi nyuma, maana gemu inahifadhi kila siku na unaweza kuanza upya kutoka siku yoyote uliyopita, tukamruhusu yule mke, tukapigwa faini. Alituachia kidude cha ukumbusho cha nchi yake. Kijana wa weitingi alisema hakistahili krediti 5.

Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: Pope hajui Makina, kwa Wanubi wa Kibera, iko wapi, lakini gemu yake haina mahali inapoeleweka zaidi ya hapa. Watu wa sehemu hii karatasi wanazijua tangu kipande cha mkoloni, ile sheria ya 1915 iliyokuja kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika akitembea na cheti chake ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari kutoka Sudani waliowekwa Kibera na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, wamezijua zaidi. Kwa miaka na miaka kijana wa Kinubi akitimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya kumpekua, aeleze babu yake ni nani na alete karatasi za babu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alifuta upekuzi wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani, na huku Kibera watu walibishana sana kama hilo linawahusu wao pia.

Sasa ngoja ufike ndani kidogo ya Arstotzka. Asubuhi moja amri inakuja: raia yeyote wa wilaya ya Altan, chukua pasipoti yake. Hana kosa. Karatasi zake ni safi. Unaichukua, unaitia kwenye droo, unampa kikaratasi. Siku chache mbele, amri inapanuka: pasipoti za raia wote. Kikaratasi! Kwenye kibanda cha PS kulizuka vicheko ambavyo sikuvitarajia kabisa. "Wote wamepewa weitingi!" Mwenye PS, ambaye ni wa Makina, yeye hakucheka sana. Alitaka kujua kama kuna njia ya kukataa kuchukua. Ipo. Ina bei yake.

Nisikuache ukadhani ni huzuni tupu. Kuna mzee anaitwa Jorji Costava, na nakuapia utampenda. Mara ya kwanza anakuja mikono mitupu, hana pasipoti kabisa, ana tabasamu. Ukimrudisha hakasiriki. Anarudi na pasipoti ya nchi ya Cobrastan aliyoichora mwenyewe kwa kalamu. Cobrastan haipo! Ukimkatalia anaahidi atarekebisha. Kila mtaa una Jorji wake, na kila ofisi inamjua. Kuna pia askari, Calensk, atakayekuja na pendekezo: kadiri unavyowakamata watu wengi, ndivyo anavyolipwa bonasi, na mnagawana. Angalia vidole vyako baada ya hapo. Mimi nilijikuta namweka ndani mtu ambaye kosa lake ni urefu kuandikwa vibaya, eti kwa sababu mwanangu wa ndani ya gemu anahitaji dawa. Kuna kikundi cha siri, EZIC, kinachotaka kuipindua serikali na kinakuletea maagizo yaliyofungwa kwa fumbo. Kuna mpelelezi wa wizara anayewasaka. Kuna miisho 20. Ishirini!

Si ya watoto. Mabomu yanalipuka mbele ya dirisha lako, watu wanakufa, wengine ni wauzaji wa binadamu. Kuna mashine ya kupekua mwili inayokuonyesha mtu akiwa uchi, na hapa gemu inakutia aibu makusudi, maana unaitumia kwa sababu tu ya uraia wa mtu au kwa sababu sura haiendani na jinsia iliyoandikwa. Apple waliwahi kuikataa picha hiyo kwenye iPad mwaka 2014, kisha wakabadili msimamo. Ukitaka, unaweza kuwavika nguo kwenye mipangilio. Mtoto wa darasa la sita akichungulia, mfukuze arudi kwenye mpira.

Malalamiko ninayo. Haina Kiswahili, na ni gemu ya kusoma, kwa hiyo kibandani ilibidi mmoja wetu awe mkalimani huku saa inakimbia. Kwenye simu ndogo herufi ni ndogo kama mchanga, ingawa mpangilio wa kuishika simu wima na kutelezesha karatasi kwa kidole umefikiriwa vizuri kuliko nilivyotegemea. Bei ni karibu dola 5, na kwa mtaa uliozoea kulipia mechi kwa mechi hiyo si pesa ya kutupa. Lakini ukishalipa umelipa: hakuna tangazo linalokurukia, hakuna maisha ya kununua, hata intaneti huihitaji. Ukiona familia inakufa njaa kila mara, kuna hali rahisi inayokuongezea krediti 20 kwa siku. Usione haya. Mimi sioni.

Jambo moja tu, kisha ukaichukue. Siku fulani dada mmoja, karatasi zake safi, atakuachia kijikaratasi: kuna mwanamume kwenye foleni, Dari Ludum, amewaahidi kazi yeye na mwenzake na anakusudia kuwatumia vibaya wakishavuka. Wanaomba asipite. Kisha anafika. Unakagua jina, picha, tarehe, mhuri, kila kitu. Hakuna kosa hata moja, kwa hiyo ukimrudisha, kimashine kitatema karatasi na wewe ndiye utakayekuwa umekosea. Sisi tulibishana mpaka stima ikapotea na mwenye PS akafungua pazia. Yule kijana wa weitingi, aliyesema karatasi ni karatasi, ndiye alikuwa wa kwanza kudai mwekundu. Gazeti la asubuhi ya pili litakueleza matokeo ya ulichoamua. Ukishafika hapo nitafute, nataka kujua uligonga upi.