Yeye Nani? Senema ya Kikantoni kwa Sikio la Kiswahili

Safari hii hatuna habari za bei ya makontena wala za viza. Tunataka kuongea kidogo juu ya senema ya mapenzi na vichekesho iliyotoka Hong Kong mwaka 1994, ambayo tuliiona mara ya kwanza tukiwa wanafunzi wa uhandisi hapa hapa mjini, kwa diski ya kuazima, na tukaiona tena mwezi uliopita tukiwa na mvi zetu, pamoja na binti yetu.

Wachina huiita Jin Zhi Yu Ye, yaani tawi la dhahabu na jani la johari, usemi wanaoutumia kwa binti wa ukoo bora. Mwongozaji ni Peter Chan. Sam (Leslie Cheung) ni mtunzi wa nyimbo aliyemfanya mpenzi wake Rose (Carina Lau) kuwa nyota. Sasa mapenzi yamechakaa na muziki umemkauka. Anatangaza kutafuta kijana wa kiume wa kawaida, asiye na jina, amfanye mwimbaji. Wing (Anita Yuen), msichana wa hali ya chini anayewahusudu Sam na Rose kama watu wa hadithini, anavaa suruali, anafunzwa na rafiki yake kutembea kiume, anakwenda kwenye usaili, na anashinda! Yaliyobaki mnaweza kuyakisia: mtunzi anaanza kumpenda yule anayedhani ni kijana mwenzake, na usingizi unamwisha.

Wanafunzi wa zamani watakumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ambamo Porshia anajifanya wakili mwanamume. Hila ni ile ile. Lakini hapa kuna jambo ambalo Shakespeare hakuwa nalo.

Tulipokuja China tulitumwa kwanza Beijing, mwaka mzima, kujifunza Kichina cha serikali. Tukashuka Guangzhou na cheti mkononi, na mama muuza mboga akatushinda kwa neno la kwanza, maana mji huu husema Kikantoni. Miaka hiyo mapaa yalijaa antena zilizofanana na mifupa ya samaki, zote zimeelekezwa Hong Kong. Sisi, kwa kukosa Kikantoni, tuliitazama senema kwa kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Tulicheka, lakini tulicheka kwa kuchelewa.

Safari hii binti yetu alituzuia. "Baba, usisome hapo chini, wanaharibu." Yeye amezaliwa hapa, Kikantoni amekinyonya vichochoroni. Akatueleza kwamba katika senema nzima watu wanapomsema Wing hutumia neno moja tu, keoi, nalo halina uume wala uke. Ni yeye. Basi mhusika anaweza kumsengenya Wing, kumsifu na kumwonea wivu bila ulimi kumlazimisha aseme ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hakiwezi. Kila mstari kinapaswa kuchagua, na kikishachagua, fumbo limefumbuka. Hata jina walilompa kwa Kiingereza, He's a Woman, She's a Man, limebidi lifanye mzaha wa kile ambacho Kikantoni kinapita kimya kimya.

Na Kiswahili pia kinapita kimya. Anakuja, anaimba, nampenda. Nani? Yeye.

Ni kweli kwamba Wachina wa leo huandika herufi mbili tofauti, ya kiume na ya kike. Lakini hiyo ya kike ilipata matumizi hayo karne iliyopita tu. Mshairi Liu Bannong aliyeipigia debe aliitumia mwaka 1920, akiwa London, katika shairi la mapenzi ambalo Zhao Yuanren alilitia muziki mwaka 1926. Likisomwa unajua anapendwa mwanamke. Likiimbwa, hujui. Hali hiyo ya wimbo kwetu ni ya kawaida tangu zamani. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba pia maneno ya kutungiwa na wanaume, na hakuna aliyeuliza moyo unaolalamika ni wa nani.

Hapo ndipo senema hii inapokuwa kubwa kuliko mzaha wake wa suruali. Ina mtunzi ambaye sauti zake zote hutoka katika vinywa vya wengine. Na kilichomo kimetokea nje yake pia: wimbo wake mkuu, Zhui, uliotuzwa Hong Kong mwaka 1995, watu wanaukumbuka kuwa ni wa Leslie Cheung. Muziki ni wa Dick Lee wa Singapore, maneno ni ya Lin Xi. Sisi tuliobishana juu ya Malaika, kama ni ya Fadhili William au ya Adam Salim, hatuna haki ya kuwacheka.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Mwishoni Sam anatamka kwamba awe mwanamume, awe mwanamke, yeye anampenda tu. Maneno makubwa, lakini anayatamka mbele ya Wing aliyekwisha kuvaa gauni. Mwongozaji ameuliza swali kwa dakika zaidi ya mia, na jibu amelitoa pale lilipokuwa halimgharimu mtu kitu. Tulipokuwa vijana tulipiga makofi. Sasa tuliona amekimbia.

Binti yetu hakupiga makofi wala hakucheka. Alitukumbusha usaili wake wa kazi wa mwaka juzi. Kwa simu waliongea naye kwa Kikantoni nusu saa, wakampenda, wakamwambia aje kesho yake. Alipofika, mtu wa mapokezi alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, akimtafuta yule waliyeongea naye. Kazi hakupata. "Mimi nilikuwa keoi mpaka nilipofungua mlango," alisema. Hatukuwa na la kumjibu, tukazima mashine.

Usiku huo tulimpigia bibi yake Tanga na kumsimulia senema yote kwa Kiswahili, kwa makusudi bila kutaja Wing ni mke au mume. Alifuata vizuri, alicheka panapochekesha, akamhurumia Sam. Tulingoja aulize. Alipouliza, aliuliza hivi: "Na huo wimbo, mwanangu, aliyeutunga alilipwa?"