Kivuli Kilichopakwa Rangi

Anayejifunza kuchora mandhari ya jukwaa hufunzwa kwanza kulihadaa jicho lililo mbali. Huugawa mchoro mdogo kwa miraba, kisha huihamishia miraba hiyo katika turubai kubwa. Kwa karibu, kazi yake ni madoa matupu. Kwa mbali, ni ukuta wa mawe. Tena hufunzwa kuuliza: nuru yatoka wapi? Kivuli kikianguka upande usio wake, hadaa hufichuka.

Filamu ya Kijerumani ya Das Cabinet des Dr. Caligari (1920), iliyoongozwa na Robert Wiene, iliikiuka kanuni hiyo kwa makusudi. Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig walivichora vivuli, na hata miale ya nuru, juu ya turubai zenyewe. Hapo ndipo penye ubora wake, na ndipo penye dosari. Kivuli kilichochorwa hakimfuati mwigizaji. Mwigizaji ndiye hana budi kukifuata. Conrad Veidt, akiwa Cesare, huunyoosha mwili wake ukutani hata akawa mstari mmoja wa mchoro. Baadhi ya wenziwe huenda kama watu walio sebuleni kwao, na papo hapo ukuta hurudi kuwa kitambaa.

Washairi walijua jambo hili: sitiari ya ajabu haisimami katika ubeti ikiwa maneno jirani yamebaki na usemi wa sokoni. Mwanafunzi wa rangi, basi, na aijue miraba na nuru. Lakini asidhani kazi imekwisha rangi inapokauka. Hukamilika mwilini mwa mwigizaji.