Kanisa, Usharika na Neno "Church": Tunajenga Nini?

Katika matangazo ya Jumapili kwenye sharika zetu, kuanzia Bomang'ombe hadi vijiji vya juu mlimani, si ajabu kusikia neno moja likibeba mizigo miwili: "Kanisa limebakiza mabati," kisha, "Kanisa linawaombea wagonjwa." Hakuna msikilizaji anayepotea. Hata hivyo, kanisa la mabati lina kamati, bajeti na mgeni rasmi. Kanisa la wagonjwa mara nyingi lina sala tu. Katika makala hii tunakusudia kuuliza kama tatizo hilo ni la lugha pia.

Vitabu vingi vya theolojia tunavyovisoma vyuoni ni vya Kiingereza, na humo neno "church" lina maana zisizopungua tano: jengo, ibada ya Jumapili, dhehebu, waumini wa mahali pamoja, na watu wote wa Mungu. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilicho cha Bwana. Lakini Agano Jipya linatumia neno jingine, "ekklesia", yaani kusanyiko la walioitwa. Katika Matendo 19 neno hilo hilo linautaja hata umati wenye ghasia wa Efeso, ambao hauwezi kuitwa kanisa.

Tofauti hii ilileta ugomvi mkubwa. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, alichagua neno la Kiingereza lenye maana ya kusanyiko, na Thomas More akamshambulia kwa ajili hiyo. Wafasiri wa Mfalme James, ambao Biblia yao ilitoka mwaka 1611, waliagizwa wabaki na "church". Kwa upande wake, Luther alitafsiri "ekklesia" kwa neno la Kijerumani lenye maana ya jumuiya. Na mwaka 1539 alilalamika kwamba mtu wa kawaida akisikia "Kirche" hufikiri nyumba ya mawe. Lalamiko hilo lingeweza kuandikwa Hai.

Je, "kanisa" ni neno baya? Hapana. Limetujia kutoka Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Kiaramu, na katika mzizi wake mna tendo la kukusanyika. Kwa asili, basi, "kanisa" liko karibu na "ekklesia" kuliko lilivyo "church". Kosa si la neno. Ni letu sisi tuliolifungia ndani ya kuta. Mwanafunzi anayesoma kuhusu kukua kwa "church" huandika "kukua kwa kanisa" bila kuuliza ni maana ipi kati ya zile tano, na wazee wa usharika wakisikia hivyo huanza kupima kiwanja.

Sisi Walutheri tunalo pia neno "usharika". Hili latokana na kushiriki, nalo ni ndugu wa "ushirika". Katika nchi ya kahawa undugu huo una uzito, kwa maana wazee wetu walilijua neno "ushirika" kupitia KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933. Katika ushirika huo mtu aliingia na kahawa yake. Katika ule wa 1 Wakorintho 10:16-17 tunaingia mikono mitupu, tukapewa mkate mmoja. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1925 kitabu juu ya kuijenga jumuiya ya Kikristo. Aliitafuta katika ukoo, ujirani na rika. Twaweza kumpinga, kwa kuwa Injili huwaita pia wasio na ukoo mahali, nao ni wengi katika mji wa barabarani kama Bomang'ombe. Lakini hakukosea kuanzia kwa watu.

Hata hivyo tusilisifu neno "usharika" kupita kiasi. Limeanza kumaanisha ofisi, daftari na namba ya bahasha. Neno lolote hufa mikononi mwa watu wasioliishi.

Wengine watasema kwamba muktadha hutosha kuonyesha maana. Kwa msikilizaji hutosha. Kwa mpanga bajeti hautoshi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linalieleza Kanisa kuwa kusanyiko la watakatifu, ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Paa halikutajwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Tukitafsiri, tuandike "jengo la kanisa" pale jengo linapokusudiwa, "dhehebu" kwa dhehebu, "usharika" kwa waumini wa mahali pamoja. Na "Kanisa" tulitunze kwa ajili ya watu wa Mungu. Na katika matangazo tuseme wazi: jengo limebakiza mabati. Ndipo tutakapolazimika kuuliza, mbele ya wote, Kanisa limebakiza nini.