Mkate wa Moto Wote ni Mzuri

Kisangani ni mji ambao Kiswahili na Kilingala vinakula sahani moja. Ukimtuma mtoto mikate, anaweza kukurudia na madonge ya unga yaliyokaangwa katika mafuta, kwa sababu Kilingala kinaita hayo mikate. Ule wa kuokwa ni lipa, na ikiwa mingi ni mampa. Ninaongelea mampa hapa, tena yale yanayookwa nyumbani ndani ya mashine ya umeme, na mtu asiyewahi kusimama mbele ya tanuri. Shangazi yangu aliyeko Liège alinitumia mashine hiyo, na kwa majuma mengi ilinitolea mikate iliyobonyea katikati. Nilidhani imeharibika. Kumbe nilikuwa sijui kutazama.

Mashine yenyewe ina asili ya heshima. Wajapani wa Matsushita, kampuni iliyotupa jina la Panasonic, walipoanza kuitengeneza miaka ya 1980, mkate wao uliungua ganda huku ndani ukibaki mbichi. Mwaka 1985 mmoja wa watengeneza programu wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Aligundua kuwa mwokaji yule anapouvuta unga, anausokota pia. Wahandisi wakaweka mbavu ndani ya chombo ili donge linaswe na kusokotwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mkono wa mwokaji umo ndani ya mashine. Jicho lake halimo, na hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Mashine za kawaida zinafuata saa: dakika kadhaa za kukanda, muda fulani wa kuumua, kisha moto. Unga unafuata joto. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, hewa yake ni nzito kwa unyevu mwaka mzima, na jikoni mchana panapita nyuzi 30. Donge linaumuka mapema, linapita kipimo, linachoka, na moto unapowaka linakuwa halina nguvu tena ya kujishikilia. Ndiyo maana ya lile shimo la katikati. Vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi vinashauri maji ya vuguvugu na gramu 7 za hamira kwa nusu kilo ya unga. Mimi natumia gramu 4, na maji yaliyokaa ndani ya mtungi. Chumvi siipunguzi chini ya gramu 9, maana ndiyo inayoizuia hamira isikimbie.

Ukiniuliza ni wakati gani hasa wa kuupima mkate, nitakujibu: dakika ya kumi ya kukanda, wakati bado si mkate. Fungua kifuniko bila woga, kukanda hakudhuriki na hewa. Unatafuta donge moja la mviringo linalofuata ule ulimi wa chuma unaozunguka, huku likiacha kuta za chombo zikiwa safi. Liguse. Linapaswa kuung'ang'ania ukucha kidogo kisha liachie, kidole kitoke bila uji. Mkono uliozoea fufu usijidanganye: fufu nzuri inakataa kidole, donge la mkate linakikubali, laini kama ndewe ya sikio. Sikiliza pia. Donge lenye afya linapiga kuta kwa mdundo mzito wa taratibu. Mashine ikiguna na donge likapasuka pasuka, ongeza maji kwa kijiko cha chai, kimoja, halafu ngoja dakika mbili. Likijipaka chini kama matope, nyunyiza unga kijiko kimoja.

Siwezi kukupa kipimo cha maji kisichobadilika, na usimwamini anayekupa. Ngano haioti huku kwetu. Unga unaupata sokoni baada ya safari ndefu, mwingine umepanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 juu ya mashua, mwingine umepitia barabara za mashariki. Njiani unakunywa unyevu. Kabla ya kununua, omba kiganja kimoja ukifumbate: unga mzuri unashika umbo la ngumi kisha unamomonyoka ukiugusa. Ukibaki kama tofali, una maji tayari, na utaupunguzia yako. Unuse pia. Harufu ya gunia au ya ukungu haiondoki na moto. Kwa gramu 500 naanza na mililita 290 za maji, halafu donge lenyewe linaniambia lililobaki.

Mkate ukishatoka, tazama paji lake. Likiinuka kwa mviringo wa upole, uliumuka sawasawa. Likibonyea, umepitiliza: punguza hamira au maji. Likiwa bapa lenye mikunjo, mara nyingi maji yalizidi. Likipasuka ubavuni, donge lilikuwa kavu. Usiuhukumu kwa weupe wa juu, maana waya wa moto unazunguka chini ya chombo na kifuniko hakina moto wake. Tundu la kitakoni, lililoachwa na ule ulimi wa chuma, nalo si kosa. Ganda likilainika jioni, ni hewa ya mto imefanya kazi yake.

Watu wananiuliza juu ya muhogo, nalo ni swali zuri katika nchi ya muhogo. Unga wake hauna gluteni, yaani zile nyuzi za ngano zinazoshika hewa. Sehemu moja kati ya kumi mkate unaibeba vizuri na unapata utamu fulani wa ardhi. Ukizidisha sana, ndani panakuwa pa kunata.

Umeme ukikatika katikati, usisubiri mashine ikumbuke ilipofikia. Toa donge, liweke ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, lipe muda liumuke, kisha oka juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, moto mdogo chini na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Mkate bora niliowahi kuoka ulimalizikia hapo.

Lakini hukumu yenyewe nilifundishwa na jirani yetu anayeuza mampa hapa mjini, mtaa wa Makiso, ambaye hajagusa mashine hata siku moja. Nilimpelekea kipande kinachotoa mvuke, nikisubiri sifa. Akakikataa. "Papa, mkate wa moto wote ni mzuri. Uniletee kesho." Tangu hapo nauacha upoe saa nzima kabla ya kisu, kwa sababu ndani bado unaendelea kukauka, na ukiukata mapema unasagika kama uji. Asubuhi nampelekea. Anaubonyeza kwa dole gumba na kutazama kama shimo linarudi. Anaunusa: harufu ya pombe inamwambia uliumuka mno. Anainua kipande kwenye mwanga aone kama matundu ni madogo na yanalingana. Mwisho anakipaka karanga za kusaga, anakikunja mara mbili, na kukisogeza karibu na jicho atazame pale kilipokunjwa, kama kimepasuka au la.