Karatasi, Maumbile na Nafsi: Uhakiki wa Picha za Kubandika za Rosemary Karuga

Imekuwa ada ya wahakiki wengi, wakutanapo na picha iliyochota mada yake katika maumbile, kudai kwamba mti au mnyama aliyechorwa ni kioo cha nafsi ya msanii. Dai hili lina ukweli wake, lakini aghalabu huigeuza picha kuwa wasifu wa mtu, na sanaa yenyewe ikasahauliwa. Kazi za Rosemary Karuga (1928–2021) zinafaa kulipima dai hilo. Maisha yake yalikuwa na mageuzi makubwa, ilhali picha zake zinazojulikana zaidi, za wanyama na maisha ya shamba, haziyasimulii mageuzi hayo waziwazi.

Karuga alizaliwa Meru, akasomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ilipokuwa nadra kumwona mwanamke katika karakana ya chuo hicho. Kisha akawa mwalimu kwa miongo kadhaa, na sanaa yake mwenyewe ikakaa kando. Alipoirudia kwa bidii katika miaka ya 1980, alikuwa akikaribia umri wa miaka 60. Vifaa vya uchoraji vilikuwa ghali. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo na kuvibandika hadi umbo likajitokeza. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum in Harlem, New York, na miongoni mwa wasanii wa Afrika walioshiriki, yeye ndiye aliyekuwa mwanamke pekee.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kipande cha karatasi hakitii kama rangi ya maji. Rangi huchanganywa ikapatikana nyingine. Karatasi huja na rangi yake, na pengine na herufi zake, na msanii hana budi kukitafutia kila kipande mahali pake. Kwa hiyo manyoya ya ndege au ngozi ya mnyama hujengwa kwa vipande vingi vinavyopishana, na jicho la mtazamaji ndilo linaloviunganisha. Ukiwa karibu waona takataka za jikoni. Ukirudi nyuma waona kiumbe hai.

Hapa ndipo maudhui yanapozaliwa na fani. Mageuzi katika kazi hizi si hadithi inayosimuliwa na picha. Ni tendo linalofanyika ndani yake. Kitu kilichokwisha kutumika kinapewa matumizi ya pili, na ya pili yanaizidi thamani ya kwanza. Kwa mwanamke aliyeuacha ufundi wake kwa miaka mingi ili kuwafunza wengine, tendo hilo lina uzito usiohitaji kutangazwa. Wahenga walisema, kawia ufike. Picha hizi zaonyesha kwamba yaliyookotwa njiani huweza kuwa ndiyo mali ya safari.

Hata hivyo, mhakiki asiusifu uhaba. Kusema kwamba umaskini wa vifaa ndio uliomfanya Karuga kuwa msanii ni kuyahalalisha mazingira yaliyomchelewesha. Alikuwa amefunzwa usanifu na uchongaji. Mpangilio wa vipande vyake ni wa mkono uliosoma. Wanaomwita msanii wa kijijini mwenye usahili wa kuvutia humpunja, kwani usahili huo ni tunda la uteuzi.

Ubainifu wake huonekana zaidi akilinganishwa na Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Mutu naye hubandika vipande vya magazeti, lakini huunda miili ambayo ni nusu binadamu, nusu mmea au mnyama. Katika mfululizo wake kuhusu uvimbe wa kizazi, alitumia kurasa za michoro ya zamani ya kitabibu. Kwake maumbile ni uwanja wa jeraha na vita juu ya mwili wa mwanamke. Kwa Karuga maumbile ni makazi. Inaweza kusemwa kwamba utulivu huu unaficha migongano ya shamba: jasho, ukame na ugomvi wa ardhi. Lawama hiyo ina haki kiasi. Lakini kazi ya Mutu nayo, kwa wingi wa mapambo yake, mara nyingine humvutia mtazamaji kwenye uzuri kabla hajauona uchungu.

Basi, kioo si mfano ufaao kwa picha za Karuga. Kioo huonyesha kilichopo, nazo hujenga kisichokuwapo kutokana na kilichotupwa. Atakayezihakiki na aanze na mkasi na gundi. Nafsi ya msanii ataikuta humo humo, katika kipande kilichochaguliwa na mahali kilipobandikwa.