Kutubu kwa Wakubwa

Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi nchini Uganda mpaka alipofariki mwaka 1988, aliwahi kuwa mwalimu wa shule hapa kwetu Dodoma. Alifundisha katika shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo. Kwa hiyo tunapomsoma tunamsoma mtu aliyekula vumbi letu. Hivi karibuni nimekisoma tena kitabu chake kidogo cha mwaka 1977, I Love Idi Amin, maana yake Nampenda Idi Amin, na safari hii nimekisoma nikiwa na ugomvi. Ugomvi wangu si na mwandishi. Ni na namna sisi watu wa Kanisa tunavyomtumia.

Habari yenyewe inajulikana. Tarehe 10 Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua wakilalamikia mauaji na uonevu, na wakatia sahihi zao kwa pamoja. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe walikimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Huko ugenini akajiona moyo wake umejaa chuki, na kitabu kinaeleza jinsi alivyolazimika kumsamehe Amin.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoipenda kuihubiri. Katika parishi moja, ambayo sitaitaja, waumini waliuliza habari za fedha za mavuno. Walikuwa wametoa mtama, karanga na zabibu, vitu vikauzwa, hesabu haikusomwa. Jumapili iliyofuata walihubiriwa kwamba Festo alimsamehe Amin, je, wao wanashindwa kumsamehe kiongozi wao? Watu wakainamisha vichwa. Hesabu haijasomwa mpaka leo.

Hapo ndipo kitabu kinapogeuzwa kichwa chini. Msamaha wa aliyeonewa umefanywa kifuniko cha kosa la aliyeonea. Aliyeandika kitabu hicho alilelewa katika jamii iliyofanya kinyume kabisa.

Tukumbuke Uamsho ulivyoanza. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church waliketi pamoja, wote wawili wakiwa wamechoka na Ukristo wa jina. Kutoka hospitali ya Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, moto ulienea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Watu wakaitana ndugu, wakakutana kila juma, wakasema makosa yao waziwazi. Waliita kutembea nuruni.

Wengi husema jambo jipya lilikuwa kule kutubu mbele za watu. Mimi nasema sivyo. Wadogo walikuwa wametubishwa siku nyingi: aliyekunywa pombe, aliyeoa mke wa pili, binti aliyepata mimba, hao walizuiwa Meza ya Bwana na kila mtu alijua sababu. Jambo jipya ni kwamba wakubwa walianza kutubu kwa wadogo. Mmisionari wa Kizungu alimwendea mwalimu Mwafrika akamwambia, nimekudharau, nisamehe. Kivengere mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyomwonea wivu mwenzake William Nagenda kwa sababu ya mahubiri yake, mpaka ikambidi aende amwambie uso kwa uso. Na katika kitabu hiki askofu hasimulii chuki ya watu wengine, anataja yake. Naamini hata ile barua ya 1977 ilitoka katika chuo hicho. Mtu aliyezoea kuambiwa kosa na ndugu yake hujifunza kumwambia mwenye nguvu kosa lake bila matusi na bila kujificha.

Lakini nisiwasifu ndugu wa Uamsho kupita kiasi. Walitufundisha kusema, hawakutufundisha vya kutosha namna ya kulinda yaliyosemwa. Hilo nalijua kwa sababu nililiharibu mimi mwenyewe.

Miaka ya themanini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Tulikuwa na ushirika wa Alhamisi jioni, wakufunzi, wanachuo na wapishi, watu kama thelathini. Jioni moja mkufunzi kijana alisimama akasema ameuza magunia mawili ya mahindi ya chuo ili amtibu mama yake, na kwamba ameanza kuyalipa. Tukaimba, tukamkumbatia. Mimi nilikuwa wa kwanza kumkumbatia. Baada ya wiki chache zikaletwa fomu za kupendekeza majina ya watakaokwenda kusoma Chuo Kikuu. Jina lake lilistahili kuwa la kwanza. Nililikata, nikaandika kwamba si mwaminifu.

Atakuwepo wa kuniambia kwamba mali ya umma si mali ya ushirika, na mkuu wa chuo hana budi kuilinda. Ni kweli. Basi ningemwita ofisini siku ile ile, nikamwambia, ndugu yangu, jambo hili lina sehemu yake ya kiofisi, tulipeleke pamoja. Sikumwita. Nilimkumbatia mchana wa watu na kumkata gizani. Tena mwaka ule ule Landrover ya chuo ilikuwa imebeba mabati ya nyumba yangu mpaka Hombolo, kwa mafuta ya chuo. Kila Alhamisi nilikaa kiti cha mbele nikisikiliza makosa ya wengine, na habari ya mabati sikuisema hata siku moja. Wala hakuna aliyeniuliza, ingawa dereva alikuwa akikaa benchi la nyuma.

Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba alimpinga Petro ana kwa ana, mbele ya wote, kule Antiokia. Petro! Na Bwana, katika Mathayo sura ya 18, anaagiza kwamba ndugu akikosa uende kwanza ukamwonye ninyi wawili peke yenu. Sisi tumegeuza mpango: mdogo husemwa hadharani, mkubwa huonywa kwa minong'ono, au haonywi kabisa.

Matunda ya kumweka kiongozi mahali asipoweza kuulizwa tumeyaona. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Tusijifariji kwamba hao walikuwa wa dhehebu jingine. Baina ya hesabu isiyosomwa na msitu ule kuna umbali mkubwa, lakini njia ni moja, na huanza pale mwumini anapoogopa kuuliza.

Kwa hiyo kijana akiniuliza atalitambuaje kanisa lenye afya, simwambii ahesabu watu wala asikilize kwaya. Namwambia aangalie mambo mawili. Je, ameshawahi kumsikia mkubwa wa hapo akisema, hapa nilikosa? Na yule mdogo aliyetubu mwaka jana, je, bado yumo, na bado anapewa kazi?

Miaka michache iliyopita nilimtafuta yule mkufunzi. Sasa ni babu, analima alizeti. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Mkuu, nilishakusamehe zamani. Lakini ushirika sikurudi tena. Nisingeweza kusimama pale." Sikuwa na jibu. Nikanywa chai yangu.

Msamaha wake ulikuwa wa kweli, na haukurudisha kilichopotea: safari ya masomo, na sauti ya mtu mmoja katika nyumba ya Mungu. Na kwa kuwa nilimkumbatia mbele ya watu thelathini, si haki nikamwomba radhi sebuleni peke yake na kunyamaza. Wapishi na wanachuo wale wengine wangali hai, na huenda wakafikiwa na kurasa hizi. Wajue kwamba yule kijana aliyalipa yale magunia yote. Mafuta ya Landrover mimi sijalipa.